Kilo Tatu za Risasi

Jumanne ya kumi na moja, Orval Pruitt aliketi kwenye kiti kilekile cha kuegemea kando ya dirisha la kliniki, akakunja mkono wa shati. Muuguzi Darlene akamtundikia dripu ya kudumu saa tatu. Moyo ulikuwa umemwangusha Orval mwezi Februari, na daktari alimwambia pigo la pili hataliweza. Ndipo akajiunga na utafiti wa dawa ya kuondoa metali mwilini. Nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyeruhusiwa kujua, hata muuguzi.

Saa nne na nusu asubuhi, risasi ilianza kumtoka kwenye ncha za vidole. Si ya bunduki. Ni yale madini ya kijivu aliyoyayeyusha kiwandani miaka thelathini na minne. Ilidondoka tone baada ya tone, ikaganda.

"Darlene, mwanangu, unaona?"

"Sioni kitu, Bwana Orval. Nikiona, nafukuzwa kazi." Akasogeza ndoo kwa mguu. "Ila lenga vizuri, sakafu imepigwa deki sasa hivi."

Mkewe, Lavonne, hakuinua macho kutoka kwenye sweta aliyokuwa akifuma. "Miaka yote nasema huyu mwanamume ni mzito. Haya, ushahidi huo."

Dripu ya arobaini ilipokwisha, ndoo ilikuwa na kilo tatu. Orval alipanda ngazi za kanisa bila kusimama, akaimba besi beti zote nne, akamshukuru Mungu, daktari na Darlene, kwa zamu.

Kwa kuwa hakulelewa kukaa na mali ya mtu, aliirudisha risasi kiwandani. Karani akaipima, akagonga muhuri.

"Ahsante, mzee. Wengi hawarudishi."

"Wengi wako makaburini."

"Hao tunawafuata wenyewe hukohuko, siku za Ijumaa."

Orval akashukuru, akashika njia ya nyumbani kwa miguu. Penye shule ya chekechea, lori la kiwanda lilikuwa likimwaga mchanga wa kuchezea, ule wa kijivu unaobaki madini yakishachujwa. Mji huupata bure kila mwaka theluji ikiyeyuka. Watoto walishapanga foleni na vikombe vyao.

"Usiwamwagie huo," Orval alimwambia dereva. "Mchanga huo una risasi."

"Mzee, si na wewe umeuchezea? Mbona umekua?"

Orval alikuwa na pumzi tele ya kubishana, na kwa hilo alishukuru kwa moyo wote. Alibishana mpaka lori likawa tupu.