Samli ya Injini

"Ukimwaga mafuta haya, Mama Nadifa, umemwaga dawa!" Bishar alisimama mbele ya pikapu yake, mikono ameitanua kama mtu anayezuia mbuzi mlangoni mwa zizi.

"Dawa ya nani? Toka hapo," mkewe Anab alimjibu, spana mkononi. Walikuwa wakibishana tangu alfajiri, na nusu ya soko la Tulia ilishaacha kuuza ili isikilize.

Bishar alikuwa mchuuzi wa samli, na samli ikizeeka hutibu kifua. Hilo kila mtu wa kwao alilijua. Basi, akiamini mafuta yote ni hivyo, tangu anunue pikapu mwaka 1936, miaka miwili iliyopita, hakuwahi kubadilisha mafuta ya injini. Kopo jipya la mafuta alilifungia stoo, lizeeke kwanza.

Siku nyingine Anab angenyamaza. Lakini binti yao Nadifa alikuwa Mwingi, mimba imetimia, na mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake; leo ilibidi wakamchukue. Injini nayo ilikuwa ikigonga kama kinu. Ikifia njiani, mjukuu angezaliwa kwenye miiba.

"Mzee Bishar," akadakia Mutindi, muuza ndizi wa jirani, "hiyo gari inakohoa kuliko mama mkwe wangu! Hiyo dawa haijafika kifuani?"

Watu wakacheka. Bishar akanuna.

"Samli hukaa mtungini imetulia," Anab alisema. "Haya yanapikwa na kusagwa na vyuma kila siku." Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akadondosha tone jeusi kwenye kidole cha mumewe. "Pima. Pima kama unavyopima samli ya watu."

Mazoea yana nguvu. Bishar akafumba macho, akasugua tone kwa kidole gumba, polepole. Uso ukamkunjamana vilevile kama siku aliyoletewa samli iliyochanganywa.

"Mchanga," akanong'ona. Akafumbua macho, akageuza kidole juani. "Na chuma. Kinameta."

"Ungeinunua?"

"Ningemfukuza mwenyewe kwa fimbo!"

"Basi mwenyewe ni wewe. Hicho kinachometa ni injini yako, inaisha."

Soko lilipiga vigelegele. Bishar alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Akampokonya mkewe spana.

"Sogea, utachafua nguo yako."

Akaingia uvunguni na kikoi chake safi, akafungua nati. Uchafu mweusi ukamwagika kwenye karai. Alipoifunga tena, akaenda stoo mwenyewe, akalitoboa lile kopo jipya na kulimimina lote kwenye injini.

"Panda, tukamlete Nadifa," akamwambia Anab.