Mabega Meupe

Kwa miaka kumi na moja wenzangu wa chama cha wakulima waliniona mwehu, nami sikubishana nao, kwa sababu mtu wa kubishana hapati muda wa kuangalia miche yake. Kwa hiyo leo nitajisifu bila haya. Nimesubiri vya kutosha.

Mimi ni Tazuko, mkulima wa stroberi hapa Tochigi, Japani, mwenye miaka sabini na miwili na magoti mabovu. Mkulima mwenye akili zake hapandi mbegu za stroberi. Zile punje ndogo zilizo juu ya ngozi ya tunda, ukizipanda, kila moja inatoka na tabia yake kama watoto wa tumbo moja, na nyingi zinatoka hovyo. Sisi tunachukua miche kwenye nyuzi ambazo mmea mama huzitambaza ardhini, na mche huo unakuwa mama yuleyule. Ndiyo maana Tochiotome, aina ya stroberi inayolimwa na kila mtu hapa, ya jirani yangu haina tofauti na ya kwetu. Lakini mimi nilichukua brashi ya kuchorea, nikatoa chavua kwenye ua la stroberi nyeupe, nikaipaka kwenye ua la Nyoho, aina ya zamani ambayo siku hizi hakuna anayeitaka. Tunda lilipoiva nikabandua punje zake moja moja kwa pini, nikazipanda. Iliota miche mia nne. Mwaka baada ya mwaka niling'oa mia tatu tisini na tisa.

Ule uliobaki ulizaa tunda kubwa, jekundu, lenye harufu ya kujaza banda zima la plastiki. Kasoro yake moja: mabegani, pale karibu na majani, halikubali kabisa kuwa jekundu. Hata liive namna gani, pale panabaki peupe. Na karatasi ya madaraja iliyobandikwa kwenye ghala la chama inasema wazi kwamba tunda lenye mabega meupe halijaiva, liende kwenye jemu.

Anayeendesha shamba letu sasa ni mkwe wangu Misuzu, maana mwanangu alichagua kuendesha malori. Misuzu ni mchapakazi, mkavu, hasemi neno lisilo na kazi. Alinipa banda namba tatu kwa misimu mitatu.

"Misimu mitatu inatosha, mama," aliniambia. "Chama wakiipokea, sawa, endelea. Wakiikataa, mwezi wa tano nang'oa yote, napanda Tochiotome. Na usije ukanifichia mche hata mmoja nyuma ya choo."

"Kwani mimi mwizi?"

"Mwizi ana nafuu, anachukua anaondoka. Wewe unabaki."

Msimu wa tatu ulifika, na siku ya chama kuonja tunda langu ikapangwa asubuhi moja mwishoni mwa Januari, wakati upepo mkavu wa milimani unapasua midomo. Nililala vibaya wiki nzima. Kila nikiingia banda namba tatu na kuwakuta nyuki wakipita ua kwa ua, roho iliniuma, kwa sababu wao walikuwa wanafanya kazi kama kawaida na mimi nilijua mwezi wa tano unakuja na nini.

Ghalani tulikuwa kaya kumi na moja, kila kaya kura moja. Kura ya kwetu ilikuwa mkononi mwa Misuzu. Mwenyekiti ni Numao, aliyemwoa marehemu dada yangu, na lazima niseme haki: Tochiotome yake ndiyo bora kijijini. Anajua hivyo, na ndiyo shida yake.

"Shemeji," akasema nilipoweka sanduku langu mezani, "umetuletea tena watoto wako wa mabega wazi? Baridi yote hii? Si ungewavisha."

Watu wakacheka.

"Vaa kofia wewe kwanza," nikamwambia. "Hicho kipara kinatumulika macho."

Wakacheka tena, na safari hii nilifurahi kidogo. Kisha wakaonja. Numao alishika tunda langu kwenye majani, akang'ata ncha. Wote walifanya hivyohivyo. Sasa, utamu wa stroberi unakusanyika nchani, na nyumbani kwetu hata mtoto wa miaka mitatu anaanza kula upande wa majani ili kinywa cha mwisho kiwe kitamu kuliko vyote. Lakini watu hao hao wakifika mkutanoni wanakuwa mabwana wakubwa: wanang'ata ncha, wanatikisa kichwa, basi. Nchani kila stroberi ni tamu.

Numao akakamua tone la ncha yangu kwenye kioo cha kipimo chake cha utamu, akakielekeza dirishani. Kumi na nne. Akapima ncha ya Tochiotome kutoka sanduku lake mwenyewe. Kumi na nne.

"Sare," akasema. "Sikatai, ni tamu. Lakini ya kwangu imeiva, ya kwako haijaiva. Karatasi ni karatasi. Tunyooshe mikono?"

Nilimtazama Misuzu. Alikuwa anaangalia buti zake. Nikaliona banda namba tatu likiwa udongo mtupu. Ningeweza kulia pale pale. Badala yake nilishikwa na hasira, na kilichonitia hasira ni neno moja tu, kwamba haijaiva. Tunda nililoliangalia kwa miaka kumi na moja, na mtu aning'atie ncha yake aniambie halijaiva.

Nikachukua kisu cha mezani. Nikakata ncha za matunda yangu yote, nikahamia kwenye sanduku la Numao, nikakata na za kwake. Ncha zote nikazisukumia pembeni.

"Unafanya nini, shemeji? Hizo ni za maonyesho!"

"Naondoa sehemu mnayoijua. Pima kilichobaki."

"Hakuna anayepima mabega."

"Ndiyo maana nimeshika kisu."

Mzee Yaguchi, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, akasema kwa upole, "Pima tu, Numao. Hatuna haraka."

Akapima bega la Tochiotome yake. Nane. Akachukua jingine. Nane na nusu. Akachukua la kwangu, lile jeupe, akalikamua, akatazama. Akafuta kioo kwa mkono wa koti, akakamua jingine, akatazama tena kwa muda mrefu.

"Soma," Misuzu akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Kumi na tatu."

"Kwa sauti, mwenyekiti," Misuzu akaongeza. "Huku nyuma hatukusikia."

"Nimesema kumi na tatu."

Hapo mikono ikaanza kuja mezani. Walikula mabega meupe kwanza kwa kutilia shaka, kisha kwa tamaa, na Mzee Yaguchi alichukua matatu bila kuangalia mtu usoni. Numao alikula bega la tunda lake. Akala la kwangu. Nilimwona akitafuna polepole, mkulima kweli, mtu ambaye hawezi kuudanganya ulimi wake hata akitaka.

"Ni tamu lote," akasema. "Kutoka juu mpaka chini. Miaka yote hii, shemeji, hukuniambia nianzie wapi."

"Hukuuliza. Ulikuwa unacheka."

Mikono ikanyooshwa. Wa Misuzu ulikuwa wa kwanza, umenyooka kama nguzo, na wa Numao ulikuwa wa kumi na moja. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaenda ukutani, na kwa mkono wake mwenyewe akaukata ule mstari wa karatasi ya madaraja unaokataa mabega meupe. Nilisimama pale nikijiona mrefu kuliko ghala. Nilishinda, na ushindi ni mtamu, anayesema vinginevyo hajawahi kushinda.

Misuzu ndiye aliyeendesha gari kurudi. Tulipofika shambani akasimamisha gari mbele ya banda namba moja, lile kubwa, lenye Tochiotome anazozitunza yeye mwenyewe na ambazo haruhusu mtu mwingine azimwagilie.

"Mama, nyuzi za namba tatu zitatoa miche ya kujaza hili mwezi wa tisa?"

"Hili ni la kwako."

"Sijauliza la nani. Itatosha?"

Nikatikisa kichwa kukubali, machozi yakinitiririka mpaka kwenye kola.

"Basi mwezi wa tano tunang'oa zangu," akasema, akazunguka kuja kunifungulia mlango.