Kamera Iliyolambwa Bwera

Kuna kununua na kuna kuteswa, na siku ile Medius alikuwa anateswa. Tangu asubuhi alikuwa Bwera mpakani, soko limefurika, anageuzageuza mkononi kamera kuukuu ya Ramula. Mama huyu aliuza makayabo, wale samaki wa chumvi wa maguniani, na kando yake akapanga redio na simu za mtumba zilizovuka mpaka kutoka Kongo.

"Hii iko muzima, dada," Ramula alisema. "Ilikuwa ya mutu wa Beni, alipigaka nayo mafoto ya ndoa tu. Angalia, sikufichi kitu."

Kweli hakuficha. Gamba lilikuwa limechubuka na raba ya kushikia imebanduka pembeni. Medius akapiga picha kadhaa, zikatoka safi. Lakini kamera nyingine ilikuwa inamngoja Kasese mjini, dukani kwa Fred: imekarabatiwa, inang'aa, iko ndani ya boksi na ina waranti. Bei zilikaribiana mno, hata ubahili haukuweza kumsaidia kuamua.

Na ilibidi aamue vizuri. Jumamosi rafiki yake Night angefunga ndoa kule Maliba, na alikuwa amekataa katakata mpiga picha mwingine yeyote. Miaka yote Medius alimbebea mpiga picha Tonny mabegi, akamshikia taa, akampangia watu mistari. Tonny akabofya tu na kuondoka na sifa. Hii ilikuwa arusi ya kwanza ya Medius mwenyewe. Akiiharibu, atarudi kwenye mabegi, na nani atamwita tena?

Sasa, wapiga picha wa Kasese wana ugonjwa wao. Karibu wote wameshakwenda Katwe kuwapiga picha wavuna chumvi ziwani, na chumvi ya kule huingia ndani ya kamera ikaila polepole. Kwa hiyo hawanunui kamera kabla ya kuilamba. Usicheke. Wanalamba kifuniko cha betri, na ulimi ukipata chumvi, kamera inarudi kwa mwenyewe.

Medius akalamba. Chumvi tupu!

"Hii imekaa Katwe," alisema, akatema mate.

"Katwe? Haijafikaka kule hata siku moja!" Ramula alimaka, mikono yote miwili imezama kwenye gunia la makayabo. "Dada, unaniita muongo?"

Medius akamrudishia kamera yake. Alipanda gari la Kasese akiwa amenuna njia nzima, akihesabu kwamba ameponea chupuchupu. Dukani, Fred alimfungulia boksi kwa madaha.

"Nimebadilisha gamba yote," alisema. "Nimesafisha. Ikisumbua, leta, tunatengeneza bure."

Medius akalamba tena. Hakupata ladha yoyote, ila ukali kidogo wa spiriti. Akalipa, na usiku huo alilala usingizi mzito.

Jumamosi asubuhi kamera ilifanya kazi vizuri nyumbani kwa kina Night, bibi arusi akivalishwa shela. Walipofika mlangoni mwa kanisa, Medius akachuchumaa, akabofya. Kimya. Akazima, akawasha. Kimya. Akachomoa betri, akachungulia shimoni, na kule ndani kabisa, ambako kitambaa cha Fred hakikufika, akaona unga mweupe umeganda kwenye vyuma. Akampigia Fred simu.

"Usijali," Fred akasema. "Ilete Jumatatu. Si iko na waranti?"

Waranti! Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Medius alitamani kuitupa kamera ile mtoni. Akakata simu, maana mama yake Night alikuwa tayari anaita kwa sauti ya kuamsha wafu: "Tonny! Tonny wee!"

Tonny alikuwa jamaa wa bwana arusi, amekuja kula tu, lakini begi lake haliachi nyumbani. Akatoa kamera iliyochubuka, raba imebanduka pembeni. Medius akaitambua.

Baada ya misa hakuweza kujizuia. "Ulinunua kwa Ramula? Haikuwa na chumvi?"

"Ilikuwa ya makayabo," Tonny alisema huku akifuta lenzi. "Nilimuambia anawe mikono, nikapangusa, nikalamba tena."

Hasira zilimpanda Medius, na mbaya zaidi hakuwa na mtu wa kumrushia. Ulimi ulikuwa wake mwenyewe.

"Medius, kuja!" Night akamwita. "Wewe hauna hata picha moja na mimi." Akamvuta, akamkumbatia kiuno, na Tonny akainua kamera mbele ya ukoo mzima.

"Tonny, jua iko nyuma yetu," Medius akasema. "Sura zitakuwa nyeusi. Geuza watu, warefu waende kwa ngazi."

Tonny akatazama juu, akaafiki. Watu wakageuka, warefu wakapanda ngazi, akabofya. Picha ilitoka nzuri ajabu. Wazee waliizunguka, wakapokezana kamera, na mama yake Night akampiga Tonny begani.

"Huyu kijana anajua kazi!" alisema, na Medius akapiga makofi pamoja na wengine.