Jibu la Bi Zulekha

Caroline alifika Kibuyuni Jumanne saa nne asubuhi, akamkuta Mwanamkuu akianika mwani uani. Alikuwa ametumwa na shirika moja lililotaka kujua kwa nini watu wa vijijini hunawa au hawanawi, hula hiki na kuacha kile. Mkononi alikuwa na tableti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Walikaa mkekani. Caroline akauliza wanaoishi mle nyumbani ni wangapi. Mwanamkuu akasema wanne: yeye, mumewe Jumbe, na watoto wawili.

"Watano," akasema mama yake, Bi Zulekha, akiingia kwa mlango wa uani.

Bi Zulekha alikuwa amefariki kwa kipindupindu miaka sita nyuma. Amejitanda leso, na sanda ameikunja vizuri kwapani. Mwanamkuu akasogea kumpa nafasi. Caroline alipomwuliza umri, bibi akataka kujua ahesabu mpaka alipokufa au mpaka leo. Maelekezo ya kwenye tableti hayakusema kitu. Caroline akaandika sitini na minane.

"Ni nini kinachowazuia kunawa kabla ya kula? Mila, mazoea, kutojua, au uvivu?"

Mwanamkuu alilijua swali hilo. Kila mwaka walikuja watu kuliuliza, na kila mwaka alijibu "kutojua" ili amalize, arudi kwenye mwani wake.

"Maji," akasema Bi Zulekha.

"Hilo halimo, bibi."

"Litie."

Caroline akaruka mpaka swali la chakula. Kwa nini watoto hawali mboga na maharagwe, wanakula viazi karai vya barabarani?

"Mchicha una mchanga, wataka kuoshwa mara tatu," akasema bibi. "Maharagwe yatokota tangu asubuhi, na kila saa yataka kuongezwa maji. Kiazi karai huja kimeshaiva. Na hapo nje lapita bomba la hoteli, wala halina hata tundu moja la kututolea maji sisi." Akamtazama mgeni. "Huyu binti yangu nimemfundisha kunawa kabla hajajua kutembea. Siku nilipougua, mtungi ulikuwa mkavu siku ya tatu. Niandike nimekufa, lakini usiniandike sikujua."

Mwanamkuu aliona haya. Ile miaka yote alikuwa akimwandikisha mamake ujinga kwa ulimi wake mwenyewe. Akanyanyuka, akasimama mlangoni, akamwambia Caroline:

"Mwanangu, hapa hutoki na jibu jingine."

Caroline akapekua mpaka akapata palipoandikwa "Mengineyo", akaandika: maji. Bi Zulekha akamtaka asome kwa sauti, mara mbili.

Miezi miwili baadaye matokeo yalisomwa barazani na afisa wa shirika lile aitwaye Mangi. Kizuizi kikubwa kilikuwa kutojua. Majibu ya "Mengineyo" yalikuwa yameondolewa, kwa kuwa hayakuweza kujumlishwa. Kijiji kingepewa bango la rangi lenye hatua saba za kunawa mikono.

Mwanamkuu akasimama. "Hatua ya kwanza yasema fungua bomba. Nionyeshe."

"Maswali ni mwisho, mama," akasema Mangi. Mwisho ulipofika alikuwa ameshapanda gari.

Kesho yake Mwanamkuu hakwenda kwenye mwani. Alifuatana na mamake mpaka ofisi ya naibu wa chifu, wakaketi kwenye benchi, wakasema wamekuja kuandikisha jibu. Karani, Randu, aliwaamkia wote wawili kwa adabu, akawaambia wasubiri. Siku ya pili walikuja na wengine wanne waliokufa kwa ugonjwa uleule. Kufikia Ijumaa walikuwa kumi na tisa, na walio hai wakilazimika kusimama. Randu akaandika barua kuomba mabenchi zaidi. Yaliletwa baada ya siku tatu, mapya, yananuka rangi.

Aliandika na nyingine kuhusu maji; hiyo haikujibiwa. Watu wa pale wakazoea. Mtu akija kutafuta kitambulisho alitoa salamu kwa waliokufa, akaomba asogezewe kidogo, akakaa.

Jioni moja Randu alitoka na funguo mkononi.

"Bi Zulekha, niwie radhi. Saa za kazi zimekwisha."

"Zangu zilikwisha zamani," akasema Bi Zulekha, akajiweka sawa kwenye benchi. Mwanamkuu akavua viatu, akakaa ubavuni pake.