Ndoo ya Majani Makavu

Kwa kazi hii sijapata chombo kinachoishinda brashi ya choo. Iwe mpya, bila shaka. Unaizamisha pembeni mwa bwawa, unaizungusha polepole upande mmoja tu, na mwani unajisokota kwenye manyoya yake kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani. Ukivuta kwa pupa unakatika, na kipande kilichobaki kinaota upya. Ukivuta taratibu unatoka mkia mzima, mrefu kama mkono, wa kijani, unaochuruzika maji na kunuka tope.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimefika ndoo ya tatu. Goti la kulia lilikuwa juu ya gunia lililokunjwa, mkono mmoja ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, na masikio yangu yalikuwa kwenye dirisha la jirani.

Dirisha hilo hufunguliwa saa moja kamili. Ni la jikoni kwa Mwalimu, mjane mstaafu wa miaka sabini na kitu, na linatazama ua wangu kwa juu ya ukuta. Nilitaka akifungua aone maji, asione mwani. Hiyo ilikuwa wiki ya saba naamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili hiyo tu.

Mke wangu alitoka na kikombe cha chai, akasimama mlangoni na kanga mabegani.

"Miaka thelathini tumeoana," alisema, "hujawahi kunichana nywele hata siku moja. Leo unachana bwawa."

"Sema polepole."

"Nani anasikia? Samaki?"

Nilimwonyesha dirisha kwa kidevu. Aliguna, akaweka kikombe juu ya jiwe, akarudi ndani. Tulikwisha kulizungumza mara nyingi, na kila mara alinishinda kwa hoja.

Dirisha lilifunguka kabla ya wakati. Nilisukuma ndoo kwa mguu mpaka nyuma ya karai la kufulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Umeamka mapema."

"Usingizi umepungua siku hizi."

"Na maji?"

"Yanaendelea vizuri."

"Yanang'aa?"

"Yanang'aa kiasi chake."

Alinitazama kidogo, akaondoka dirishani, nikasikia sufuria zake. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya maji, umeshika brashi iliyojaa mwani ambayo sikuthubutu kuitoa.

Mimi ni fundi saa. Kutwa nzima nakodolea macho skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, na jioni macho yanauma. Bwawa nililichimba mwenyewe ili macho yapate pa kupumzika. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma nilichopata, nikakosea, nikaandika kosa kwenye daftari, nikarudia. Samaki wangu wa koi, wale wa mapambo, ni saba. Mkubwa wao ni mweupe mwenye doa jekundu kichwani, tunamwita Shela, na ana umri wa miaka kumi na miwili.

Upande wa pili wa ukuta palikuwa na mti wa mkungu. Marehemu mume wa Mwalimu aliupanda wiki waliyohamia. Matawi yake yalivuka ukuta na kufunika nusu ya ua wangu, na majani yake, mapana kama viganja, yalidondoka bwawani mwaka mzima. Yaliziba pampu, yaliziba chujio, yalioza chini. Nilianza kuyahesabu. Nina kurasa kumi na nne za daftari zenye idadi ya majani, siku kwa siku. Baada ya miaka mitatu ya kulalamika kwa adabu, nilijaza ndoo majani makavu, nikaipeleka kwa Mwalimu na kuitua mbele ya mlango wake.

Aliitazama ndoo. Akauliza, "Una hakika, Fundi?"

"Nimeandika kila kitu," nilimjibu.

"Basi ukatwe. Maji yako yawe safi."

Wakata miti walikuja wawili, na kufikia mchana hapakuwa na kitu ila anga. Nilifurahi. Jioni hiyo niliandika: majani, sifuri.

Wiki tatu baadaye niliona nyuzi za kwanza kwenye jiwe la pampu, laini kama ndevu za kijana. Kabla ya hapo mwani niliokuwa nautoa haukujaza kopo kwa mwezi. Sasa ilikuwa ndoo moja kwa wiki, halafu ndoo moja kwa siku, halafu mbili, halafu tatu. Nilipunguza chakula cha samaki. Nilibadilisha maji kidogo kidogo. Niliosha chujio. Nilitumbukiza kifurushi cha mabua makavu ya shayiri, kama nilivyosoma. Dawa ya kuua mwani sikuthubutu. Mwani ukifa wote kwa mpigo huoza, na ukioza hula hewa yote iliyo majini, asubuhi unakuta maji safi na samaki wameelea. Kwa hiyo nilivuta kwa mkono.

Sababu niliijua kabla ya kukubali kwamba naijua. Daftari liliisema waziwazi: tarehe ya kukatwa mti, kisha tarehe ya nyuzi za kwanza. Jua lililokuwa linaishia kwenye majani ya mkungu sasa lilishuka mpaka sakafu ya bwawa tangu asubuhi hadi jioni. Nilihesabu majani miaka mitatu. Kivuli sikukihesabu hata siku moja.

Na mjane wa watu alikuwa ameukata mti wa mumewe kwa ajili ya hesabu yangu.

Dawa ya jua ni kivuli. Neti ya kivuli nilikuwa nayo, imekunjwa stoo tangu wiki ya tano. Lakini neti inataka nguzo ndefu, na nguzo ndefu zinaonekana kwa juu ya ukuta. Siku ambayo Mwalimu angeiona ingekuwa sawa na kumwandikia barua: mti wako nimeuua bure. Kwa hiyo neti ilikaa stoo, na mimi nilipiga magoti.

Siku hiyo, baada ya chai, nilikaa kwenye meza yangu ya kazi chumba cha mbele na saa ya mteja iliyogoma kutembea. Vidole vilikuwa vimevimba kwa maji. Skrubu ile ile ilinidondoka mara tatu. Mara ya tatu sikuinama kuitafuta, nilikaa tu nikiitazama sakafu.

Saa nne mke wangu aliita kutoka uani, na hakuita kwa mzaha.

Samaki sita walikuwa wamejikusanya chini ya mdomo wa pampu, midomo juu, wanahema. Nilitia mkono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kuogea mtoto, na maji ya moto hayashiki hewa. Wa saba hakuonekana. Nilimkuta upande wa mbali, chini ya ukuta pasipoonekana dirishani, ambao alfajiri sikuwahi kuufikia, Shela, amenaswa kwenye zulia la mwani, nyuzi zimemzunguka mapezi na kuingia chini ya kifuniko cha shavu. Alikuwa hapigani tena.

Niliingia bwawani na nguo zangu. Mke wangu alinipa mkasi wa kukatia uzi, nami nikakata kidogo kidogo, nikimshikilia mdomo uelekee maji ya pampu. Ilichukua muda mrefu. Nilipomwachia alizama, akalala ubavu, kisha polepole akajiinua na kusimama wima, akihema pamoja na wenzake. Magamba matatu yalibaki kiganjani mwangu.

"Kesho atanaswa mwingine," alisema mke wangu.

"Kesho nitaamka saa tisa."

"Saa tisa!" Alicheka, kicheko cha kuchoka. "Halafu keshokutwa saa saba, halafu usilale kabisa. Bwana, jiangalie. Unatetemeka mikono, na wewe kazi yako ni mikono. Neti iko stoo. Hawa samaki hawaishi kwa aibu yako."

Nilibadilisha suruali na kwenda kwa Mwalimu. Sikubeba kitu.

Alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Alinionyesha kiti kwa macho, nikabaki nimesimama.

"Mwalimu, maji hayaendelei vizuri."

"Enhe."

"Yamejaa mwani. Tangu ulipokatwa mti. Naamka usiku kuutoa ili usiuone. Ni jua. Mti ulikuwa unazuia jua, na mimi sikuliona hilo. Nilikosea, na nimekuwa nikikudanganya kila asubuhi."

Aliendelea na mchele. Alitoa kijiwe, akakitupa uani.

"Nimefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja," alisema. "Darasa la nne. Mmea unahitaji nini ili ukue? Watoto wanajibu kwa wimbo: maji, hewa, mwanga."

Nilimwangalia. "Ulijua?"

"Kabla ya shoka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuja na ndoo, Fundi." Sasa aliinua uso. "Mtu akija kuuliza, anabisha hodi. Wewe uliniwekea ndoo mlangoni kama anayeleta ushahidi mahakamani. Nikakuuliza una hakika, ukaniambia umeandika. Mimi nibishane na daftari? Nilikuwa nimechoka. Mwenye mti hayupo, kila wiki wewe unachungulia juu ya ukuta na sura ya kufiwa kwa sababu ya majani. Nikasema basi, ukatwe, angalau huyu mtu anyamaze."

Jua lilikuwa limefika barazani kwake pia. Niliona kwamba amehamisha kiti chake mpaka kona ya ukuta, mahali pekee palipobaki na kivuli, na kwamba kona hiyo ilikuwa finyu hata miguu yake ilibaki nje, juani. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Hesabu zangu zote ziliishia ukutani.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Hilo nitaliangalia. Leo sina nguvu nalo." Aliweka ungo chini. "Samaki wamekufa?"

"Bado. Mmoja ana hali mbaya. Nataka kufunga neti ya kivuli, ila itaonekana kutoka dirishani kwako. Nimekuja kuuliza."

"Hapo sasa umeuliza. Nguzo unazo?"

"Nitatafuta."

"Utatafuta nini? Nyuma ya nyumba kuna matawi yamelala tangu siku ile. Hakuna aliyekuja kuyachukua. Chagua manne yaliyonyooka." Nilipofungua mdomo akainua kidole. "Usinishukuru. Sijasema nimekusamehe, nimesema chukua nguzo."

Yalikuwa mazito kuliko nilivyodhani. Mke wangu alishika ncha moja, mimi nyingine, tukayapitisha getini moja baada ya jingine, naye Mwalimu akitufuata nyuma na fimbo yake, akitusahihisha. "Kulia. Kulia kwako, Fundi, siyo kulia kwangu. Huyu mtu anatengeneza saa kweli?"

"Anatengeneza," alisema mke wangu, "ila ya ukutani kwetu imesimama tangu mwaka juzi."

Ardhi ilikuwa ngumu. Shimo la kwanza lilikula saa nzima, na la pili zaidi, kwa sababu nilikutana na mzizi mnene kama mkono uliokuwa umepita chini ya ukuta kuja kunywa bwawani kwangu. Nilipumzika mara nyingi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akitazama bwawa kwa mara ya kwanza kwa karibu.

"Yule mweupe ndiye mgonjwa?"

"Ndiye. Anaitwa Shela."

"Mume wangu alikuwa anamtupia makombo ya mkate kwa juu ya ukuta. Hilo uliliandika kwenye daftari?"

"Hapana."

"Ndiyo hivyo."

Nguzo mbili zilisimama saa kumi hivi. Upande wa pili wa neti ulihitaji kufungwa ukutani, na ukuta ni wake. Nilishika nyundo na msumari, nikageuka.

"Mwalimu, naomba kupigilia hapa."

"Pigilia."

Neti ilifunika nusu ya bwawa, imelegea katikati, ukingo mmoja unaning'inia kwa sababu nguzo zake mbili bado zilikuwa chini. Haikuwa kazi ya kujivunia. Lakini baada ya muda samaki wawili waliuacha mdomo wa pampu na kuhamia kivulini, halafu wengine watatu. Shela hakuhama. Alibaki pale pale kwenye maji yanayotiririka, mapezi yakicheza kidogo tu. Sikujua kama atafika asubuhi, na sikuwa na la kuongeza zaidi ya kuiacha pampu iendelee.

Mwalimu aliinuka, akijisukuma kwa fimbo. Mlangoni aligeuka.

"Kesho usiamke saa kumi na moja. Mlio wa hiyo brashi unaniamsha wiki saba sasa."

"Nianze saa ngapi?"

"Nikishafungua dirisha."

Alipoondoka nilijaribu kuanza shimo la tatu. Jembe liliingia mara mbili, mgongo ukakataa, nikaliacha limesimama palepale ardhini. Upande wa mbali wa bwawa ulikuwa bado umejaa, labda ndoo nne, labda tano. Chini ya meza ya kazi palikuwa na skrubu ya watu inayosubiri kuokotwa. Niliketi juu ya gunia, nikafungua daftari kwenye ukurasa mpya, nikachora mstari, nikaanza safu ambayo haikuwahi kuwapo. Juu yake niliandika: kivuli. Chini yake: nusu.

Kisha niliichomeka brashi kwenye ndoo, mwani wa asubuhi ukiwa umekauka kwenye manyoya yake, nikaingia ndani kulala kabla ya giza.