Kibanda cha Gari la Mama

Gari lilikuwa la mama, ingawa mama mwenyewe hakuwahi kugusa usukani. Aliachiwa na marehemu mumewe, na tangu hapo dereva wake alikuwa binti yake wa pekee, fundi magari ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spana, japo hakuwa na mtoto.

Ilipokuja simu kwamba mama mkubwa anaumwa, na kwamba anataka sana kumwona mdogo wake, gari lilikuwa limelala uani. Kila likiwashwa lilichemka.

"Nitapanda basi," mama alisema.

"Basi, na magoti hayo? Mama, nipe nafasi kidogo. Naifungua injini, nabadilisha gasketi iliyoungua, ndiyo inayolichemsha, nakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama mkubwa."

Mama akakubali. Akampigia dada yake simu palepale, akamwambia kwa sauti ya juu, kama watu wanaosikia kwa shida, "Tunakuja na gari! Mwanao anatengeneza!"

Ulikuwa msimu wa mvua, na injini iliyofunguliwa haitaki maji wala vumbi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kibanda. Mama Spana aliokota mabomba ya chuma yaliyokuwa yamelazwa nyuma ya nyumba, akachimba mashimo, akasimamisha nguzo za mbele ndefu kuliko za nyuma ili maji yatiririke upande wa bustani. Mashimo akayashindilia mawe. Turubai moja halikutosha, mama akaleta sindano ya magunia na uzi wa nailoni, akaketi barazani kuunga vipande viwili, mshono juu ya mshono.

"Mama, ungeingia gereji ungetunyang'anya wateja."

"Kwani gari si kama mtu tu? Leo mnalivua, kesho mnalivisha."

Walicheka. Walipovuta kamba za mwisho na turubai likakaza, mama alitembea chini yake huku ameinua uso, akitafuta tundu. Hakuliona. Jioni hiyo mvua ilinyesha kweli, na chini ya kibanda hapakulowa hata kidogo. Mama Spana akafungua injini.

Kibanda kizuri hakijifichi. Mwalimu wa jirani ndiye alikuwa wa kwanza kugonga geti. Breki zake zilikuwa zinalia, na gereji zote zilikuwa matope matupu. "Dakika mbili tu, Mama Spana, na hapa kwako pakavu." Akamsaidia. Mwalimu akamtuma shemeji yake, shemeji akamleta muuza mikate na gari lake la kusambazia. Mama Spana hakuwa mtu wa kukataa watu. Na tuseme ukweli, alipenda kuitwa. Asubuhi alikuwa kazini, jioni uani kwake kuna foleni, na kila aliyefika alisifu kibanda.

Gari la mikate lilikuwa refu. Ili liingie, ilibidi gari la mama lisukumwe nje. Mama Spana alifunika injini kwa nailoni, akaifunga kwa kamba vizuri tu. Alipogeuka, mama alikuwa amesimama dirishani.

"Letu limetoka?"

"Kwa muda tu, mama. Nikimaliza hili nalirudisha."

"Haya."

Akaliacha dirisha. Siku nyingine, akimenya viazi, aliuliza kama vile anauliza hali ya hewa, "Au nipande basi tu, mwanangu?" Mama Spana, mikono yote grisi, akajibu huku akitoka, "Mama, wiki hii haiishi kabla sijalimaliza."

Wiki ikaisha. Ikafuata nyingine.

Simu ya pili ilikuja mchana, Mama Spana akiwa chini ya gari la mtu. Alimwona mama akija kwa miguu isiyo na haraka, akasimama pembeni ya nguzo. Kutoka chini aliona kandambili zake tu.

"Toka huko, mwanangu. Dada yangu hayupo tena."

Waliondoka kwa basi. Safari ilikula siku nzima, na mama aliivumilia bila kulalamika, akinyoosha mguu kila basi liliposimama. Mama Spana alikaa ubavuni pake, akimshikia mkoba.

Baada ya mazishi, binti wa marehemu alimkuta Mama Spana akiosha vyombo nyuma ya nyumba. Hakuja kugombana, alikuja kufuta sahani.

"Alilazimisha kitanda chake kihamishiwe chumba cha mbele, upande wa barabara," alisema. "Kila gari likipunguza mwendo anauliza, 'Ndio wao?' Tukimwambia siyo, anasema, 'Basi wako njiani.'"

Mama Spana aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Usiku ule alipiga magoti mbele ya mama, akaomba msamaha. Mama alimshika kichwa.

"Nimekusamehe. Lakini basi lilikuwepo siku zote, mwanangu, na mimi nilikuwa na miguu. Mimi pia nilikaa nikasubiri." Halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu simu ile, na binti hakujua amlilie nani, mama yake au mama mkubwa.

Waliporudi, muuza mikate alikuwa ameacha ujumbe kwamba gari lake linasumbua tena. Mama Spana hakumpigia. Alilisukuma gari la mama peke yake, akateleza kwenye matope, akaanguka, akainuka, mpaka likaingia chini ya turubai. Gasketi ilimchukua siku moja na nusu. Kazi ya siku moja na nusu tu.

Injini ilipowaka, ikanguruma bila kuchemka, alimwita mama. Mama alitoka, akasikiliza.

"Linaenda vizuri," alisema, akarudi jikoni.