Mama Yumo Kwenye Ratiba, Saa Saba Mchana

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba Sheria Namba Tatu imejibandua ukutani ofisini kwangu, ikatembea hadi nyumbani na kunigongea mlango. Ilikuwa imevaa raba zangu za mlimani.

Kwanza niseme mimi ni nani, maana ndoto yenyewe haikuuliza. Naitwa Mbazi. Naongoza wageni milima ya Upare, vikundi vidogo tu, nawapeleka mahali ambako mabasi ya watalii hayafiki. Anayetaka kumwona simba kwenye foleni ya magari ishirini, aende kwingine. Sisi tunakwenda kwa miguu, tunalala kwa wenyeji, na hatutupi hata ganda la ndizi. Sheria zote nimeziandika mwenyewe, nikazitia plastiki, nikazibandika ukutani. Namba Tatu inasema kundi lisizidi watu wanane. Naipenda sana sheria hiyo. Nimewahi kumkatalia mchungaji wangu mwenyewe kwa ajili yake.

Na jana jioni nilimkatalia mama yangu. Alikuwa anachagua maharage, akasema bila kuniangalia, "Mbazi, Jumamosi na mimi nataka kupanda nanyi hadi Kighonde."

Kighonde ni bonde huko juu, ndiko alikozaliwa. Watu walihama zamani, yeye akiwa na miaka tisa, na hajarudi tangu siku hiyo. Sasa ana sabini na tatu, na magoti yake ni mabovu. Mimi nimepeleka vikundi kule mara thelathini na kitu. Nikamwambia, "Mama, kundi limejaa." Akasema, "Haya baba," akaendelea na maharage yake.

Basi, kwenye ndoto ni asubuhi, jua limechomoza, na Sheria Namba Tatu imesimama mlangoni inatoka jasho ndani ya plastiki.

"Nimekuja kuhesabu," inasema.

"Leo Jumatano," naiambia. "Safari ni Jumamosi."

"Hapa nilipo mimi ni Jumamosi."

Natazama nje, na kweli ni Jumamosi. Wageni wanane wamejipanga barabarani na mabegi mgongoni. Wa kwanza ni Bwana Henk, mstaafu wa posta kutoka Uholanzi, ambaye ni kweli amejiandikisha kwa wiki hii. Wengine saba nao ni Bwana Henk. Hakuna anayeona ajabu.

Wa tisa ni mama. Amejifunga kanga, ameshika fimbo, amesimama wima.

"Magoti nimeyaacha jikoni," ananiambia. "Yanaota moto."

Nachungulia jikoni. Magoti mawili yamekaa kwenye kigoda, yameelekea mafiga. Yananisalimia kwa heshima, nami nayaitikia.

Sheria inahesabu. Mmoja, wawili, watatu, hadi wanane. Inafika kwa mama, inasimama.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu."

"Simwoni kwenye orodha ya watu." Inatoa ratiba, ile ninayowatumia wageni kabla hawajaja, inapitisha kidole kutoka juu hadi chini. "Aa, huyu hapa. Siku ya pili, saa saba mchana: makande kwa Mama Namkunda. Yuko kwenye chakula." Inanitazama kwa upole. "Ndugu Mbazi, chakula hakipandi mlima. Chakula kinasubiri watu warudi."

Nataka kubisha, ila maneno ni yangu. Miaka kumi na minane ameandikwa hapo, katikati ya kunawa mikono na kupumzika, na mimi nilidhani nimemheshimu.

"Chagua," Sheria inasema. "Abaki yeye, au libaki kundi zima."

Jamani, sisemi uongo. Hata ndotoni mdomo wangu ulijua pa kwenda. "Mama ataelewa," nikasema.

"Haya baba," mama akasema, akageuka kurudi jikoni. Kwa kuwa hana magoti, anatembea vizuri sana, hachechemei hata kidogo. Sijawahi kumwona mama akitembea hivyo, na moyo ukaniuma.

Hapo sufuria la makande likatoka mlangoni na mfuniko wake kichwani. Limekasirika, ila linaongea polepole maana lina maharage mdomoni.

"Mfute kwenye mstari wangu," linaniambia. "Nitajipika mwenyewe. Mimi namjua huyu mama kuliko wewe. Kila siku ananikoroga huku anaangalia dirishani, na dirisha linaangalia mlimani. Wewe ulidhani anaangalia nini?"

Mabwana Henk wote wanane wakavua kofia. Nikachukua kalamu, nikalikata jina la mama pale kwenye saa saba mchana, na mama akasimama mlangoni akasubiri.

"Bado hesabu haijakaa," Sheria inasema. "Alipokuwa chakula hakuwa na tatizo. Sasa ni mtu, na ni wa tisa. Twende tukaiulize njia."

Tunapiga hatua tatu na tayari tuko nusu ya mlima. Bwana Henk wa nne anainua kamera. "Subiri kidogo," mlima unasema, "sijavaa." Tunaupa mgongo sote mpaka unamaliza kujifunga ukungu, kisha unakohoa kutujulisha kwamba tunaweza kugeuka.

Njia inapinda kushoto, inaingia ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe ni posta. Ni posta ile ya Bwana Henk, kwao Uholanzi, ina saa kubwa na sakafu safi. Njia imekaa nyuma ya kaunta. Ni ya udongo mwekundu na imevaa miwani. Nyuma yake kuna visanduku hadi darini, na ndani ya kila kisanduku kuna nyayo.

"Mnawaambia watu wasiache kitu ila nyayo," njia inasema. "Hakuna anayeuliza nyayo zinawekwa wapi. Za wageni nakaa nazo mpaka masika, kisha naziosha. Mna shida gani?"

"Ni kuhusu huyu mama," Sheria inasema.

Njia inavua miwani. Haimtazami mama usoni, inamtazama miguuni, na inamtazama kwa muda mrefu.

"Namkunda," inasema.

Sisi nyumbani tunamwita Mama. Wageni wanamwita Bibi. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia mtu akimwita jina lake peke yake, bila kitu mbele. Mama akashika kaunta kwa mikono miwili.

Njia ikainama hadi kisanduku cha chini kabisa, ikatoa nyayo mbili ndogo za peku, za mtoto wa miaka tisa. Kidole kidogo cha kushoto kimepinda kwa ndani. Cha mama nacho kimepinda hivyo hivyo.

"Zinaelekea chini tu," njia inasema. "Miaka sitini na minne nangoja za kupanda. Mvua ikinyesha nazifunika. Ng'ombe wakija nawapitisha pembeni."

"Barua ambayo haijachukuliwa hatuitupi," anasema Bwana Henk mmoja, na wenzake saba wanatikisa vichwa kukubali.

"Weka sahihi hapa," njia inamwambia mama.

Mama anavua ndala. Mguu wake mkubwa, wenye magaga, unaingia kwenye unyayo ule mdogo bila kubanwa, kisha wa pili nao unaingia. Nyayo zinageuka taratibu pale kaunta mpaka zikaelekea juu.

Sheria Namba Tatu inayatazama maandishi yake, inayasoma upya. "Mimi nahesabu wageni," inasema. "Huyu anakwenda kwao. Hanihusu." Halafu inakaa chini na kuanza kulia, na kwa sababu ya plastiki machozi hayana pa kutokea. Nikaipasulia upande mmoja kidogo ili ipumue.

Posta ikaisha, tukawa Kighonde. Kuna mafiga matatu, mgomba mmoja uliogeuka wa porini, na nyasi za kufika kiunoni. Mama anapita katikati ya nyasi bila kumuuliza mtu, anakwenda moja kwa moja, anakaa chini mahali palipokuwa mlango. Mimi ndiye kiongozi wa safari, na sijui nimwonyeshe nini.

"Ukiwafikisha wageni hapa huwa unawaambiaje?" ananiuliza.

Hilo halimo kwenye ratiba, wala sijawahi kulisema nyumbani. Ni neno ninalolisema hapa hapa bondeni tu, nikiwa nimechoka.

"Huwa nawaambia, tupumzike hapa dakika kumi."

"Dakika kumi," mama anasema. Hasemi kwa ubaya. Anapapasa nyasi kwa kiganja. "Hapa ndipo mama alipokuwa akinisuka. Pale babu yako alikuwa anakaa anachonga mipini ya majembe. Siku moja nilivunja mtungi wa maji, nikajificha kule nyuma ya mawe hadi jua linazama, na niliporudi hakuna aliyenigombeza. Walikuwa wameniwekea chakula."

Niliona aibu, na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja. "Nisamehe mama," nikamwambia. Akanivuta kichwa akakilaza pajani pake, akaanza kunitoa majani kwenye nywele. Sijui tulikaa muda gani. Mabwana Henk wakatusogelea, wakatuomba ruhusa ya kutotutazama, mama akawaruhusu, nao wakageukia upande wa pili.

Wakati wa kutoka, njia ikatusimamisha. Imeshika brashi.

"Nguo zikaguliwe," inasema. "Hakuna mbegu inayotoka bondeni kwa kudandia. Ikitoka, aliyeitoa atairudisha mwenyewe, kwa miguu yake."

Inawapiga brashi mabwana Henk suruali zao, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, hata kwenye pindo za soksi. Inanipiga brashi na mimi. Ikafika zamu ya mama. Njia ikainua brashi, ikaishusha, ikaangalia pembeni.

"Pita tu," ikamwambia.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshatoka. Nilimkuta mama jikoni, amekaa kwenye kigoda, amenyoosha mguu mmoja anajipaka dawa ya kuchua. Magoti anayo, na yanamuuma kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umelala sana."

Ndipo nikaona pindo la kanga yake. Limejaa vishona nguo, zile mbegu nyeusi nyembamba zinazong'ang'ania nguo ya mtu akipita porini. Ua wetu anaufagia kila siku, haubaki hata jani, na mama hajavuka geti tangu Pasaka. Nikachuchumaa miguuni pake, nikaanza kuzitoa moja moja na kuziweka kiganjani.

"Unafanya nini, Mbazi?"

"Mbegu hizi si za hapa," nikasema. "Inabidi zirudishwe, na mwenye kuzirudisha ni wewe. Jumamosi tunapanda wote. Tutakwenda taratibu, na penye mwinuko mkali nitakubeba."

"Si ulisema kundi limejaa?"

"Wewe si mgeni, mama."

"Na makande ya watu nani atapika?"

"Watapika wao wenyewe. Wana mikono."

Mama akafunga kifuniko cha dawa, akakikaza, akaangalia dirishani.

"Haya baba," akasema. "Ila nakwambia mapema, dakika kumi hazitanitosha."